Nusu siku Mombasa: ukodi gari na dereva, uchukue tuktuk, au utembee kwa miguu?

Wageni wengi wa Mombasa wana nusu siku tu ya kuuona mji. Kuna aliyeshuka meli ya kitalii pale bandari ya Kilindini na jioni meli inang'oa nanga, kuna aliyekuja kwa mkutano akabaki na asubuhi moja, kuna familia iko hoteli ya Nyali au Bamburi watoto wameshachoka na bahari wanataka kitu kingine. Swali linakuwa lile lile, nikodi gari na dereva anizungushe, nichukue tuktuk, ama nitafute mwongozaji nitembee naye Mji wa Kale? Naandika hii kwa sababu majibu mengi utakayopewa yanatoka kwa mtu anayekuuzia mojawapo ya hizo tatu, na mgeni anastahili kupangiwa mambo yote mezani kabla hajatoa pesa.

Kwanza tuelewane kuhusu muda. Nusu siku ni saa nne, tano ukibahatika. Na Mombasa ni kisiwa, ukitaka kutoka unapita Makupa kuelekea bara, daraja la Nyali kuelekea kaskazini, au feri ya Likoni kwenda kusini, na kila moja ya hizo ikishikwa na foleni inaweza kukumeza nusu saa au zaidi hujaona kitu. Mji wa Kale wenyewe kwa upande mwingine ni mdogo, ukitoka Ngomeni, yaani pale Fort Jesus, ukakaza mwendo bila kusimama dakika ishirini umeshaumaliza, lakini nani anaenda pale akakaze mwendo. Kwa hiyo kuchagua usafiri hapa ni kuchagua pia Mombasa gani unataka kuiona, ile pana iliyotawanyika kisiwani mpaka ng'ambo, au ile ya vichochoroni.

Nitazipima zote tatu kwa mambo haya: unachoona, jua na miguu yako, maelezo unayopata, mfuko, na uhuru wa kubadilisha mpango katikati ya safari.

Gari na dereva wako mwenyewe

Unachoona. Kwa upana hakuna kinacholishinda gari. Dereva anayejua kazi anakushusha Ngomeni, anakungoja ukiwa ndani ya Fort Jesus saa moja hivi, akitoka hapo anakupitisha Treasury Square penye sanamu ya mfanyabiashara Allidina Visram, anaingia Nkrumah Road uone lile kanisa kuu la Kianglikana la 1905 lenye kuba utadhani ni msikiti, mara uko Moi Avenue kwenye zile Pembe, mfano wa pembe za ndovu zilizovuka juu ya barabara, halafu nguzo ya Mbaraki, nguzo ya mawe ya matumbawe iliyosimama kando ya mabaki ya msikiti wa zamani, kisha Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, unakunywa dafu chini ya mibuyu huku meli zinaingia Kilindini mbele yako. Ile mibuyu wengi wanapigia picha tu, lakini upande ule palikuwa na mji wa kale ulioitwa Tuaca, kwa hiyo mwambie dereva azime gari mshuke kidogo.

Ila thamani kubwa ya gari naiona ukivuka daraja la Nyali. Pale Kengeleni watu wanapita kila siku kwenye matatu za kwenda Bamburi, wanaita "Kengeleni shukisha" na hawageuki kuitazama kengele yenyewe. Ni kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na jina limetoka kwa Bartle Frere, yule Mwingereza aliyetumwa Zanzibar kushinikiza biashara ya watumwa ikomeshwe. Mbele kidogo upande wa bahari kuna kumbukumbu ya mmishonari Ludwig Krapf aliyefika Mombasa 1844, na kaburi la mkewe Rosina aliyefariki mwaka huo huo pamoja na mtoto wao mchanga. Sehemu kama hizi huzifikii kwa miguu kutoka Mji wa Kale ukiwa na saa nne, na hazimo kwenye ratiba za watu wengi, lazima uziombe mwenyewe.

Udhaifu wake sasa. Gari haliujui Mji wa Kale. Njia ni nyembamba, kuna mikokoteni, pikipiki, watu wameweka mizigo, na kwingine gari haliingii kabisa, ukibaki kwenye kiti unaona kuta na nguo zilizoanikwa, basi. Ukiambiwa "Mji wa Kale umo kwenye safari" uliza swali moja tu, nitashuka nitembee kwa muda gani? Kama jibu ni dakika kumi ujue utapita, hutauona.

Jua na miguu. Kuanzia Desemba mpaka Machi joto la Mombasa na ule unyevu si mchezo, na hapo gari lenye kiyoyozi ni msaada wa kweli hasa kwa mzee, mjamzito, mwenye mtoto mchanga au mwenye magoti yanayouma. Lakini ndani ya ngome gari halikusaidii, kuna ngazi na uwanja uko wazi jua kali, kwa hiyo hata mwenye gari aende pale asubuhi, wanafungua saa mbili.

Maelezo. Hapa ndipo watu wanaumia. Dereva na mwongoza watalii ni kazi mbili tofauti, wako wanaozifanya zote vizuri sana na wako wanaojua barabara tu. Uliza kama ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ile TRA ya Kenya, na gari liwe na bima ya kubeba abiria. Halafu kabla hujalipa mwulize kitu, kwa mfano Waomani waliichukuaje Fort Jesus? Anayejua atakueleza kwamba Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na mzingiro wa Waomani ulianza Machi 1696 haukuisha mpaka Desemba 1698, na meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome 1697, na vitu vilivyotolewa chini ya maji miaka ya 1970 vimo kwenye makumbusho humo ndani. Atakuambia pia Waingereza waliigeuza jela kutoka 1895 hadi 1958. Akikujibu kwamba ni ya zamani sana na imejengwa na Wareno halafu akanyamaza, huyo mchukue kama dereva tu, mwongozaji utampata mlangoni pa ngome.

Mfuko. Gari kwa kawaida hulipiwa kwa gari lote si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wanne bei inagawanyika vizuri, ukiwa peke yako unaubeba mzigo wote. Kubalianeni kabla kama bei ina mafuta, parking, muda wa kungoja na tiketi za kuingilia. Mara nyingi tiketi hazimo. Na tiketi ya Fort Jesus inatofautiana, raia wa Kenya ana bei yake na mgeni wa nje ana yake ya juu zaidi, na ujiandae kulipa kwa simu au kadi.

Uhuru. Mkubwa, ukitaka. Gari ni lako kwa saa zile, ukichoka unarudi, ukipenda mahali unakaa. Ila kuna mtindo wa madereva kupitisha wageni kwenye maduka ya vinyago na vitambaa kwa sababu wanapewa chochote wageni wakinunua. Si dhambi na vitu vyenyewe vinaweza kuwa vizuri, lakini katika nusu siku duka moja linakula sehemu kubwa ya muda wako, kwa hiyo sema mapema kwa heshima, leo hatununui, labda mwisho muda ukibaki.

Tuktuk ya kukodi

Unachoona. Karibu kila kitu kisiwani, na inaingia mahali gari linasita. Inaweza kukupeleka mpaka midomoni mwa vichochoro vya Kibokoni ndani ya Mji wa Kale, ikakushusha sokoni Marikiti kwenye viungo, ikazunguka Ganjoni na Kizingo mpaka Lighthouse. Nyali inavuka, ila kwenye ile barabara kubwa na malori pembeni si raha, na mbali kama Bamburi sikushauri.

Jua na miguu. Kivuli unacho, upepo unao, kiyoyozi huna. Mvua kubwa za Aprili na Mei zikiteremka utaloa pembeni hata wakishusha lile turubai. Mgongo unaosumbua nao hautaipenda.

Maelezo. Usitegemee. Mwenye tuktuk atakuonyesha mji wake kwa moyo mkunjufu, atakuambia mbaazi na mahamri ya wapi ni matamu na nani anauza viazi karai moto, na hiyo ni elimu pia. Historia utaitafuta kwa mwingine.

Mfuko. Kwa mtu mmoja au wawili ndiyo nafuu kuliko gari, wakae watatu nyuma, zaidi ya hapo ni kubanana. Patana bei ya saa nne nzima, usipatane kituo kwa kituo, maana mkishaanza kuhesabu kila kusimama mtagombana mchana.

Uhuru. Mzuri mno. Unaona madafu, unasimama. Unasikia harufu ya mishkaki, unasimama. Mtu mwenye mpango wa dakika kwa dakika atachanganyikiwa, asiye na mpango atafurahi.

Kutembea Mji wa Kale na mwongozaji

Unachoona. Kidogo kwa eneo, kingi kwa undani, na niseme wazi moyo wangu uko hapa ingawa najua haifai kila mtu. Ukitoka Fort Jesus unaingia Mbarak Hinawy Road, jina la liwali wa zamani wa Pwani, na ndani ya hatua chache mji unabadilika, milango ya nakshi, roshani za mbao zimetokeza juu ya kichwa chako, vibaraza vya mawe watu wamekaa. Msikiti wa Mandhry uko hapo, unatajwa kuwa wa 1570, yaani ulikuwepo kabla ya ngome, na ule mnara wake uliochongoka umepakwa nyeupe ukiupita kwa gari huuoni kabisa. Unateremka mpaka Bandari ya Kale, majahazi bado yanakuja, kwa picha uliza kwanza. Pembeni kuna Leven House, jina limetokana na manowari ya Kapteni Owen aliyekuja hapa 1824 akauweka mji chini ya bendera ya Uingereza baada ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa wakati ule, kumwomba awakinge dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Oman, na ulinzi ule haukudumu, mwaka 1826 ulikwisha. Luteni Reitz aliyeachwa kuusimamia alikufa mwaka ule ule wa 1824, na Port Reitz kule kwenye uwanja wa ndege imebeba jina lake mpaka leo. Hadithi kama hiyo ukisimuliwa ukiwa umesimama pale pale penye maji inakaa kichwani, ukisomewa ndani ya gari likiwa Makupa inapita.

Na kwa sisi tunaozungumza lugha hii kuna jambo zaidi. Huu ndio mji wa Muyaka bin Haji, mshairi wa mwanzo wa karne ya 19 aliyewatungia Wamazrui na watu wa Mvita (jina la kale la Mombasa) mashairi ambayo bado yananukuliwa, na mwongozaji aliyezaliwa humo ndani ya Mji wa Kale anaweza kukupigia ubeti wakati mnakunywa kahawa chungu kwa kashata. Mwombe aongee Kiswahili cha kwao. Wageni wengi wanatokea Nairobi, Dar au Kampala wanazungumza Kiswahili vizuri halafu wanatembezwa kwa Kiingereza kwa mazoea tu, na hapo wanakosa nusu ya utamu.

Jua na miguu. Hapa ndipo tatizo. Saa mbili mpaka tatu za kutembea na kusimama, vichochoro vina kivuli lakini hewa huwa nzito, njia nyingine hazijanyooka. Viatu vya kufunika, maji, kofia. Kiti cha magurudumu kitapata tabu sana humu. Vaa nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe, watu wanaishi humu, na usimpige mtu picha bila kumwomba.

Maelezo. Ya juu kabisa ukimpata mtu sahihi. Pale nje ya ngome watakufuata wengi, usikubali kwa sababu ya kuchoka kukataa, uliza kitambulisho, patana bei, patana na muda pia, halafu ndiyo mwanze.

Mfuko. Ndiyo ya chini kati ya zote tatu, unamlipa mwongozaji na tiketi ya ngome, basi. Mkiwa wengi inakuwa nafuu zaidi lakini mkizidi sita nyuma hawasikii kitu.

Uhuru. Unaweza kuingia popote unapokaribishwa, dukani, kwa fundi wa kushona kofia, kwa muuza marashi. Ila ukichoka katikati huna kiti cha kurudia, utamalizia kwa tuktuk.

Na zile teksi za kwenye simu je?

Bolt na Uber zipo Mombasa na kuna wanaojiundia safari yao kwa kuita moja baada ya nyingine. Inafanya kazi kama una vituo viwili vitatu. Vikizidi hapo unapoteza muda kungoja, na hakuna wa kukulindia mzigo wako ukiwa umeingia ndani ya ngome. Kwa aliyetoka meli au treni na mabegi, hiyo peke yake ni sababu ya kutafuta gari la kukodi.

Mambo yanayobadilisha hesabu siku yenyewe

Ijumaa kuanzia kama saa sita mpaka saa nane mchana maduka mengi ya Mji wa Kale yanafungwa kwa swala, kwa hiyo anayetembea aanze mapema, mwenye gari anaweza kuutumia muda huo Nyali. Ramadhani mchana hutapata chakula kirahisi Mji wa Kale, lakini kuanzia alasiri mitaa inajaa vitafunio na hapo nusu siku ya jioni kwa miguu inakuwa tamu kuliko ya asubuhi. Siku ambayo meli kubwa imetia nanga Fort Jesus hujaa asubuhi, geuza ratiba, anza Mama Ngina au Nyali halafu ngome baadaye. Na ukiwa kwenye gari karibu na Ikulu ya Mombasa au kivuko cha Likoni, kamera weka chini.

Kuhusu Haller Park pia, kwa sababu kila mwenye gari atakutajia. Ni mahali pa maana sana, machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi ambayo Mswisi René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971 mpaka pakawa msitu wenye twiga na viboko. Lakini iko mbali na ngome, na ukiichanganya na Mji wa Kale ndani ya saa nne vyote viwili vitakuwa vya kukimbizana. Watoto wadogo wapeleke Haller, mji uwe siku nyingine.

Basi wewe uko wapi?

Umetoka meli na una saa chache, hujawahi kufika, unataka picha ya mji mzima: gari na dereva, na umwambie tangu mwanzo unataka saa nzima ya kutembea Mji wa Kale ndani ya hizo nne. Kwa wengi huu mchanganyiko ndio unakaa sawa, gari likungoje Ngomeni na mwongozaji wa miguu umchukue pale pale. Unalipa watu wawili lakini kila mmoja anafanya kazi yake.

Una wazazi wazee au mtu asiyeweza kutembea sana: gari bila kufikiria mara mbili, na punguza vituo. Mama Ngina, Pembe, Kengeleni, na ngome atazame kwa nje au aingie mpaka uwanja tu. Wazee wengi watafurahia zaidi kukaa mbele ya bahari na mihogo ya kuchoma kuliko kupandishwa ngazi za Wareno.

Uko peke yako au na mwenzio, bajeti ndogo, mji mnaupenda kwa chakula na watu: tuktuk, saa mbili za kuzunguka kisiwa, halafu iwaachie Mji wa Kale mmalizie kwa miguu.

Umeshawahi kuja Mombasa mara kadhaa, Pembe umezipiga picha, bahari unaijua: achana na magari, tafuta mwongozaji wa Mji wa Kale, aanze nawe saa mbili asubuhi kabla jua halijakolea.

Unasoma au unafundisha historia, au ukoo wako una hadithi ya Frere Town: gari, na nenda Nyali kwanza wakati barabara bado nyepesi. Mtumie dereva majina ya vituo siku moja kabla, maana wengine wataijua Kengeleni kama stendi tu na kaburi la Rosina Krapf watahitaji kuuliza njia.

Unashuka Miritini kwa SGR, ile reli mpya ya Nairobi–Mombasa: ile treni inayotoka Nairobi asubuhi inafika mchana, kwa hiyo nusu siku yako ni alasiri na uko zaidi ya kilomita kumi kutoka ngome na mizigo mkononi. Agiza gari likungoje stesheni, nendeni moja kwa moja Fort Jesus kwa sababu wanafunga saa kumi na mbili jioni, tembea Mji wa Kale jua likipungua, Mama Ngina iwe ya mwisho, kisha hotelini.